Sinyatire Yangu Hawataipata

Mapendo, mutoto wa dada yangu,

Kama mimi singekuwa hapa Kashuga, hii kambi yetu ya wakimbizi ingekuwa imekwisha kuanguka, na nyuma yake Masisi yote, na nyuma ya Masisi pengine hata Kinshasa. Usicheke. Wakubwa wanauliza habari zangu. Juzi helikopta ilipita juu ya blok yetu, ikanizunguka mara mbili, nikainua mukono, ikarudi kule ilikotoka. Mama yako anasema ilikuwa inatafuta pa kutua. Mama yako hajawahi kuelewa mambo ya serikali.

Nakuandikia kwenye kaye yako ya bluu, kwenye kurasa za nyuma zilizobaki. Ile siku ya homa, tulivyokubeba kwenye tipoyi, machela ya miti, mpaka kizuizini, na wale wenye bunduki wakasema turudi, barabara imefungwa... Hiyo siiandiki. Nimeianza mara tatu, biki inakataa. Nitaandika mengine.

Maharagwe yamevunwa mara moja tangu uende. Mama yako amekonda, lakini mudomo wake haujakonda. Kila asubuhi ananipigia kelele mbele ya majirani: "Premye! Kuni ziko wapi? Serikali yako itapika na nini leo?" Na hilo jina ni wewe njo ulinipa. Unakumbuka? Tulikuwa tumefika tu kutoka Ntoto, miguu imevimba, kamati ya kambi inaundwa. Walikuomba wewe mwalimu wa mwaka wa sita uandike sheria zake, juu hakuna mwingine aliyekuwa na mwandiko wa kusomeka. Ukaandika kama vile nchi inavyofanya: Prezida mumoja, Waziri Mukuu mumoja, yaani Premye, na baraza la wakubwa wa blok. Prezida akawa yule mzee wa ngombe kutoka milimani, aliyefika na fimbo bila ngombe hata mumoja. Ukamwambia: "Papa, wewe njo unamuteua Premye, lakini uteue muntu mwenye watu nyuma yake, haiko rafiki wa kunywa naye." Kisha ukataja jina langu. Watu wote walicheka. Wewe hukucheka. Ulisema: "Mujomba anapenda kusema. Tumupe kazi ya kujibu."

Kazi ya kujibu! Mimi nilifikiri ni kazi ya kuamuru. Nikateua mawaziri wangu: wa maji, wa vyoo, wa wageni. Nikawapanga mustari kama jeshi. Ukanivuta kando: "Mujomba, wewe njo unaongoza serikali, kweli. Unahakikisha sheria zinafuatwa. Lakini maji yakikosekana, baraza linakuuliza wewe, halimuulizi Prezida." Nikauliza, basi faida yangu iko wapi? Ukaniambia faida iko kwenye biki. Kuna karatasi za Prezida ambazo hazitembei mpaka Premye aweke sinyatire, sahihi yake, pembeni. "Ikiwa na moja tu," ulisema, "hiyo ni barua ya mapenzi."

Prezida naye alitaka kuelewa kwa njia yake. Akasema: "Basi mimi ni mwenye ngombe, na huyu mubishi ni muchungaji wangu." Ukamujibu mbele ya wote, na heshima yote: "Hapana, Papa. Ngombe ni za watu. Ninyi wawili ni wachungaji."

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Alikuja mufanyabiashara mumoja kutoka upande wa Shasha, kule ziwani, na lori lake. Alitaka hangari yako ya shule, ile tuliyofunika na bashi za plastiki, aifanye depo ya makala, makaa ya kupikia. Watoto wangesomea nje, chini ya mvua ya huku, unaijua. Aliahidi chumvi kwa kila blok. Prezida akaandika karatasi, akaweka sinyatire yake kubwa kama mukia wa ngombe, akaniita. "Premye, weka yako hapa, watu wapate chumvi."

Mapendo, mimi niliwahi kukutana na chatu katika pori la Walikale, mukubwa kama daraja, nikamwambia apishe na akapisha. Sasa nitaogopa karatasi? Nilisema: Hapana. Akasema: "Nitakufukuza." Nikasema: Papa, kaye ya marehemu iko hapa, tuisome. Wewe unaniteua, lakini kunitupa nje kama ganda la ndizi huwezi, mpaka mimi mwenyewe nikuletee barua ya kujiuzulu, ao baraza liniangushe. Na barua sileti. Mukono wangu umechoka.

Akaita baraza. Mosio, hoja ya kuniangusha, ilikuwa na mashitaka matatu: kwamba vyoo havikuchimbwa, kwamba nilikula samaki wa wageni, na kwamba ninazuia maendeleo. Vyoo, ni kweli. Samaki, nao walikuwa karibu kuoza, nilikula kwa kuokoa afya ya wananchi. Lakini la tatu nililipigania! Nilisimama, nikasema mpaka mbwa wakanyamaza. Nikasema: Huyu mutoto aliyewaandikia hii sheria amelala pale juu kilimani, chini ya mikaratusi, na jasho lake liko kwenye hizi nguzo. Mutaweka makala mahali aliposimama? Niangusheni. Mukono huu hautasaini.

Wakaniangusha.

Na unajua mukono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa nani? Wa mama yako, mukubwa wa blok ya tatu. Nikamwangalia hivi. Hakupepesa macho. Akasema: "Mimi ninamuangusha juu ya vyoo. Vyoo tu. Na sasa tusome ukurasa unaofuata."

Ukurasa unaofuata, Mapendo! Mimi sikuwa nimeufikia. Mama yako aliufikia. Uliandika: Premye akianguka, anabaki kuangalia mambo ya kila siku mpaka mwingine apatikane, lakini hana tena ruhusa ya kusaini jambo kubwa. Akafunga kaye akamwangalia Prezida. "Papa, sasa hata akitaka, hawezi. Tafuta kwanza Premye mupya."

Prezida alizunguka blok zote. Kila aliyemuomba akauliza: "Nitachimba vyoo na kugawa makala kwa wakati mumoja? Mimi? Hapana." Mufanyabiashara alingoja, mvua ikanyesha juu ya lori lake, akachoka, akapanda na kuondoka na chumvi yake. Prezida hanisalimii tena vizuri. Juzi lakini nilimukuta amesimama nje ya hangari, fimbo mukononi, anasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Alivyoniona akajifanya anatafuta njia.

Basi mimi sasa ni Premye aliyeanguka ambaye hajaondoka. Waje tena. Waje na chumvi, waje na sukari, waje na bunduki zao za kizuizini. Watakuta niko nimekaa mulangoni. Nakuahidi, Mapendo: hiyo hangari itabaki yako, na vyoo nimeanza kuchimba kwa mukono wangu mwenyewe, kimoja kiko tayari mpaka kiunoni. Pumzika pale juu, mwanangu. Mikaratusi yako nimeizungushia miiba, mbuzi hawafiki.

Iko jambo moja dogo. Ulijua kwamba nilikuwa nakaa nyuma ya darasa lako kila siku, na watu niliwaambia kwamba nafanya inspeksio. Naendelea. Wanafikiri ninamuchunguza mwalimu mupya. Yeye anajua, ananipa karatasi kama watoto wengine. Wiki iliyopita ametupa interogasio, mutihani mudogo, juu ya serikali. Nilipata ine, nne tu, juu ya kumi. Musichana aliyekaa pembeni yangu alipata kenda, na mama yako nimemwambia kwamba ile kenda ni yangu.

Swali la kwanza lilikuwa: "Waziri Mukuu anateuliwa na nani?" Nilijua jibu. Naapa nililijua. Lakini biki ikaandika "Mapendo", na mwalimu akapiga musalaba mwekundu juu yake.

Sikufuta.

Mujomba wako