Kwa Saila Wetu, Aliyeshona Muziki

Mwaka umezunguka, Saila, tangu asubuhi ile simu ya mke wa kaka yako Jetha ilipolia na mkeo Numa akashindwa kusema. Alikuwa analia tu upande wa pili, na mama yako akajua. Mzazi haambiwi. Alikaa chini pale pale penye jiko, ugali wa ulezi ukaungua sufuriani, na hakuna aliyeuepua.

Wanaokujua kwa jina la kwenye filamu wanakuita Hemlal Pariyar, mtunzi wa muziki. Sisi tunakuita Saila, mtoto wa tatu, kama ulivyoitwa tangu unanyonya. Tunakuandikia sote wa nyumba hii, na kalamu ameishika mama yako, kwa herufi za yale madarasa matatu aliyosomea barazani pa shule, maana watoto wa tabaka letu la Damai, watu wa cherehani na ngoma, hawakuruhusiwa kuketi ndani. Mistari imepinda. Utamsamehe.

Ulizaliwa kwenye kibanda cha kushonea, msimu wa harusi. Baba yako alikuja kukutazama na zumari lake bado kiunoni, akakupulizia sauti moja sikioni. "Utamtia uziwi mtoto!" mama yako akamgombeza. "Nampa salamu tu," akasema. Ulipofika miaka sita ulikuwa unatembea mbele ya bwana harusi na kile kingoma kidogo cha watoto, makamasi yanatiririka, na pigo hukosei hata moja.

Baada ya kupiga tulikuwa tunakalishwa ukingoni mwa ua, wali ukidondoshwa kwenye majani yetu kutoka juu, ili mikono isigusane. Siku moja ukauliza, "Mama, mbona harusi yao haianzi mpaka tufike, halafu nyumbani hawatuingizi?" Mama yako alikusogezea jani lako. Alikwambia, "Kula."

Ulikwenda kusoma Urusi na sanduku la bati, ukarudi baada ya miaka saba na ndevu na kikohozi. Baba yako akakuuliza ulichosomea muda wote huo.

"Nimesomea kuandika kile unachopiga, baba."

"Kwani kimepotea?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Wewe pia ulicheka, ukala mabakuli matatu ya mchuzi wa mboga chachu kama mtu aliyetoka kifungoni.

Mjini Kathmandu ulihama vyumba vinne mwaka wa kwanza. Wenye nyumba walikupenda mpaka waliposikia jina la ukoo, Pariyar, la Damai. Mwenye filamu yako ya kwanza naye alikuja na ushauri mtamu: andika Hemlal, ukoo uache, watu wanakuja kuburudika. Ukamjibu, "Basi na muziki uuache." Jina likaandikwa lote. Filamu hiyo ilipofika kwetu bazarini, baba yako aliingia mara tatu kwa siku moja. Anangoja jina lipite, anatoka. Filamu yenyewe hakuimaliza mpaka anakufa, na hakujua inahusu nini.

Ulifanya kazi na utepe wa baba yako wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Watu wa filamu walidhani ni pambo. Mwanao Anup anasema ulikuwa unatazama kipande kimoja cha picha mara kumi bila kugusa kinanda, unanong'ona kama fundi mbele ya mteja: hapa mabega, hapa kiuno. Mwongozaji mmoja alitaka fidla zilie pale mama wa kwenye filamu anapofunga mlango. Ukamwambia, "Kaka, hapo mwenyewe analia tayari. Ukimvalisha koti juu ya koti hatapumua." Ukaacha kimya kitupu. Waliotazama wanasema hapo ndipo walipotafuta leso.

Filamu kumi na moja uliziremba hivyo. Lakini miaka minne ya mwisho ulikuwa na kazi yako ya moyoni, isiyo ya filamu ya mtu: muziki wa okestra nzima, fidla arobaini, pamoja na bendi yetu ya harusi, watu tisa wa huku milimani, akiwemo kaka yako Jetha mbele na zumari la baba.

Jetha anaisimulia siku ya mazoezi kwa kila anayemsikiliza. Kiongozi wa fidla alimtazama kutoka juu mpaka miguuni.

"Zumari lako sauti yake iko juu. Lishushe."

"Halishuki, bwana. Mti umeota hivi. Labda nikaupande tena."

Watu wakacheka, na Jetha akaanza kulifungasha arudi nyumbani. Ukashuka jukwaani ukamshika bega. "Kaka, piga sauti moja tu, uishikilie." Akavuta ile pumzi ya mashavuni isiyokatika, akaishikilia. Ukawageukia wale arobaini: "Mmemsikia? Kazeni nyuzi zenu, mumfuate." Usiku ule Jetha alipiga simu nyumbani. "Mama, walinifuata. Wote. Hata yule mwenye shingo ngumu."

Kadi ya mama yako ya mwaliko wa onyesho uliileta mwenyewe. Kiti cha mbele, katikati, na jina lake juu: Phulmaya Pariyar. Alishona blauzi mpya ya rangi ya zafarani. Aliijaribu mara mbili mlango umefungwa.

Halafu akaenda bombani kuchota maji. Alikuwepo bibi wa nyumba ya juu, wale tuliowashonea na kuwapigia harusi tangu enzi za babu yako.

"Wewe mwanamke wa Damai, nasikia unakwenda kukaa na mawaziri?"

"Mwanangu kaniita, Bibi Mkubwa."

"Nenda, nenda, kwani nani kakuzuia? Ila hicho kiti ukishainuka, sijui nani atakikalia tena."

Alisema huku anacheka, akachota maji yake kwanza. Mama yako alirudi, akaikunja blauzi, akaisukuma chini kabisa ya sanduku.

Siku yenyewe ulifika asubuhi na gari. Uliliacha barabarani, ukapanda kilima unaita, "Mama! Mama, tunachelewa!" Na mama yako, mwanamke wa miaka sabini na mbili, alikuwa juu ya dari la banda la nyati wetu wa maziwa, amelala ndani ya nyasi kavu kama mwizi. Mke wa Jetha alikudanganya macho yametazama chini.

"Mama kaenda msituni kutafuta dawa. Mbuzi wanaumwa."

"Mbuzi gani?" ukauliza. Wawili walikuwa wamesimama mbele yako wanatafuna.

"Wale wengine, shemeji."

Hatuna wengine. Ulijua. Ulisimama uani kitambo, na mama yako akakuona katika upenyo wa mbao, mvi zimeanza kukuota kando ya masikio. Kisha ukasema, kwa sauti kubwa kuliko ya kumsemesha mtu aliye hatua mbili, "Gari namwachia mama. Dereva atangoja hapo chini. Mimi nitadandia lori la maziwa. Mwambie wakati wowote akiwa tayari."

Ukashuka. Dereva alingoja mpaka saa saba mchana, akapiga honi mara tatu, akaondoka na gari tupu.

Ulikuja tena mara moja tu, sikukuu ya taa, wiki nne baadaye. Mama yako alikuwa ameyapanga maneno ya kukuomba radhi. Alikupikia mikate ya mviringo ya unga wa mchele, akakutazama unavyokula, na maneno yakakataa kutoka. Ulipokuwa unafunga viatu ndipo uliposema, "Mama, wale mbuzi wamepona?"

"Wamepona."

"Vizuri. Nilikuwa na wasiwasi nao."

Ukamgusa miguu kwa heshima, ukaenda. Akajisemea, akija tena nitamwambia. Siku kumi na mbili baadaye mshipa wa kichwa ulikupasuka wakati umekaa mezani kwako, na penseli mkononi.

Anup alivaa nguo nyeupe za msiba mwaka mzima kwa ajili yako, bila viatu vya ngozi, bila karamu. Zumari tulilifunga kitambaa tukalitundika. Jetha amekataa kila harusi iliyokuja kumtaka. Watoto wakifungua redio, inafungwa. Numa alikuwa na kanda ya muziki wako waliyoirekodi jioni ile ukumbini, nayo ilikaa kabatini. Watu walimwambia mama yako, "Dunia imebadilika, siku kumi na tatu za matanga zinatosha. Msikilize mwanao." Naye akawajibu, "Mwaka ni mwaka. Mimi naweza kungoja." Walimsifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu peke yake, Saila. Alikuwa anaogopa kusikia alichokukatalia.

Juzi mwaka umetimia. Mpwa wetu alitusomea ibada, Anup akavua nyeupe, akavishwa kofia ya rangi. Tukakaa wote kibandani kati ya vitambaa, na Numa akaleta mashine. Mkono wake ulisita.

"Mama, ngoja nipeleke mbele kidogo. Mwanzoni ni kelele za watu tu."

"Acha kelele zao. Mimi nataka tangu mwanzo."

Numa akamtazama Jetha. Jetha akatazama sakafu. Ndipo mama yako alipojua kuna jambo.

Zikaja kelele kweli, viti, vikohozi, mtu anamwita mtoto wake. Kisha ukaja wewe. Sauti yako, mwaka mzima hatujaisikia, ikaingia kibandani kana kwamba umesimama mlangoni.

"Mabibi na mabwana, mniwie radhi. Kuna kiti kimoja bado kitupu hapo mbele. Mama yangu yuko njiani, anatoka kwetu Nuwakot, na ile barabara mnaijua wenyewe." Watu wakacheka. "Tumngojee kidogo."

Na mkangoja. Kanda haikukatwa. Dakika ishirini na mbili, watu wakihema, fidla moja ikijaribu uzi na kunyamaza, na mtu akiguna, "Kwani mama yake ni nani?" Mama yako alizisikiliza zote.

"Alikuwa hajui?" aliuliza. "Dereva hakumpigia simu?"

"Alimpigia," akasema Numa. "Alijua gari linarudi tupu. Akaniambia, 'Mama atakuwa ameona haya kupanda gari peke yake kama mkubwa. Amepanda basi la mwisho. Namjua.' Kila mlango ukifunguliwa alikuwa anageuka."

"Mbona hamkuniambia?"

Jetha ndiye aliyejibu. "Alitukataza, mama. Alisema, 'Msije mkamwambia nilingoja. Atajiumiza.'"

Kwenye mashine ukakohoa kile kikohozi chako cha Urusi. Ukasema, polepole, si kwa watu, kwa wapigaji wako tunadhani: "Haya. Tuanze. Akija atatukuta."

Na Jetha akaanza na ile sauti moja, na fidla zikamfuata.

Mama yako hana elimu ya kuusifu muziki huo. Wenye elimu wameusifu magazetini. Anachoweza kusema ni kwamba ulimuenea. Mahali pote palimkaa, mabega, kiuno, na haukumbana popote, kana kwamba ulimpima akiwa amelala kule kwenye nyasi. Ulipokwisha hakuna aliyeinuka. Mke wa Jetha alikuwa analia kwa sauti, anasema, "Nilimdanganya, nilimdanganya shemeji yangu." Si yeye, Saila. Si yeye aliyekudanganya.

Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, okestra itaupiga tena katika ukumbi ule ule. Wote waliokupenda wanakaribishwa, na hawaulizwi ukoo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Numa, mwanao Anup, kaka yako Jetha na mkewe, wapwa zako, na wale wanane wengine wa bendi. Baba yako mko naye, msalimie.

Na mimi, mama yako Phulmaya. Blauzi nimeipiga pasi. Nitaingia kwa mlango wa mbele, nitakaa katikati, na nikimaliza, atakayetaka kukikalia kile kiti akikalie, asiyetaka asimame. Hutakuwepo kugeuka mlango ukifunguliwa. Hilo ndilo linaloniua, mwanangu. Uliwaambia watu niko njiani na haikuwa kweli, nikakuacha na aibu mbele yao. Jumamosi itakuwa kweli. Hutatutoka moyoni, Saila, maadamu kuna mmoja wetu anayepumua.