Digrii ya Pili

Kigwa, Tabora

Mama, shikamoo. Marahaba yako nimeisikia mpaka huku, imevuka misitu yote.

Jana nimekula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikala kwa karanga mpaka taya zikachoka. Sikuwa na njaa, nilikuwa na maringo! Juzi mvua isiyo ya msimu ilitushtukiza, na michembe ya kijiji kizima ikalowa pale juu ya miamba inapoanikwa. Yangu tu ilisalimika, ndani ya kibanda cha nailoni cha kukaushia viazi, kile ninachofanyia utafiti wangu. Wanakijiji walikuwa wakikicheka, wakikiita chandarua cha viazi.

Bibi Nyamizi, mwenyeji wangu, alitafuna kipande akanitazama.

"Hiki kibanda ndiyo digrii yenyewe?"

"Ndiyo, bibi. Digrii ya pili."

"Ya pili? Kwani ya kwanza umeiharibu?"

Wanawake waliokuwa wameketi nasi wakaangua kicheko. Nikamwambia ya kwanza ni nzima, mama yangu ameitundika ukutani, na mgeni hapewi chai mpaka aisome.

Akachukua kipande kingine, akatafuna taratibu.

"Basi ile ni ya mama yako. Hii ni yetu."

Leo asubuhi wanawake hao wameingia porini kukata miti ya kujengea vibanda kama changu kwenye shamba la ujamaa, na wimbo wao una jina langu.

Usibebe maji mwenyewe, Mama, mgongo huo nauhitaji. Na kwenye ule msumari wa pili uliokwisha kuupigilia ukutani, tundika kanga. Digrii hii ina wenyewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura