Mbuzi wa Bi Galina Anainuka Vibaya

Stechford, Birmingham
Jumapili, tukitoka kanisani

Mama Wakesho wangu,

Pokea salamu za mumeo, ambaye baridi ya huku imejaribu kumwangusha ikashindwa. Goti lako linaendeleaje? Unalipaka ile dawa, au umeiweka kabatini uwaonyeshe wageni? Mimi ni mzima, Wakesho ni mzima ingawa hospitali inamchosha, na wajukuu wananisikia Kiswahili vizuri sana ila wananijibu Kiingereza. Sibadilishi. Tutaona nani atachoka kwanza.

Leo nimeshika penseli mwenyewe. Kwenye simu kila nikifika pahali patamu mtandao unakatika, na habari hii sitaki ikatwe. Mimi narudi mwezi ujao, lakini siwezi kukaa nayo tumboni mwezi mzima! Yule nesi wa kanisani anayekuja likizo atakuletea bahasha, na ndani mna kitabu. Usikifungue bado. Soma kwanza.

Kitabu hicho ni cha Kirusi. Naam, Kirusi. Na mumeo aliyeishia darasa la tatu ndiye aliyekisahihisha.

Kwenye nyumba tuliyopakana nayo ukuta anakaa mama mmoja wa rika letu, Bi Galina. Alizaliwa Kazakhstan, nchi ya theluji na nyasi zisizoisha, ila lugha ya kwao nyumbani ni Kirusi, na kwa Kirusi amewaandikia watoto hadithi tangu ujana wake. Ana rafu nzima ya vitabu vyake, nimevishika kwa mkono huu. Mumewe alipofariki alimfuata mwanawe huku Birmingham, akakaa miaka minane bila kuandika hata mstari. Wajukuu zake hawasomi Kirusi. Akaniuliza, sasa amwandikie nani? Nikamwambia mimi nasema Kiswahili hata na paka wa jirani.

Kiingereza chake kibovu kama changu, ndiyo maana tunaelewana. Wiki ya pili tu tangu nifike, aligonga mlango akaniambia ameanza tena kuandika, akaniomba nikae jikoni kwake asome, mimi nisikilize.

"Lakini Kirusi sijui hata neno," nikasema.

"Ndiyo sababu nakutaka wewe."

Basi anasoma kwa sauti, huku akizunguka meza na soksi za sufu, na jicho lake liko usoni kwangu. Ulimi wake ukijikwaa, anafuta. Nikipiga miayo, anafuta. Anasema mimi na mtoto ni kitu kimoja, hatuna adabu ya kuvumilia sentensi ndefu. Kurasa mbili nzima zimeondoka kwa miayo yangu! Nani mwingine huko kwetu amefanya kazi kama hiyo?

Hadithi yenyewe alinieleza kwa mikono. Ni yeye mwenyewe, utotoni, mwaka wa njaa. Bibi yake alikuwa na mbuzi mmoja, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyowavusha. Baridi ikizidi mtoto alilala bandani, ameegemea tumbo la mbuzi. Asubuhi mbuzi anainuka, mtoto anaamka, yuko hai. Hadithi imekwisha.

Siku moja zikaja kurasa kutoka kwa wachapaji, na picha zimeshachorwa. Akazitandaza mezani kwa furaha. Nikaangalia ya mwisho.

"Mbuzi huyu anainuka vibaya," nikasema.

"Vibaya namna gani? Amechorwa na msanii."

"Msanii amechora farasi akampa pembe. Angalia, miguu ya mbele imesimama na nyuma bado amekaa. Mbuzi huanza na matako, Bi Galina. Anapiga magoti mbele, matako yanapanda, ndipo anasimama."

"Miaka arobaini naandika! Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniletea habari za matako."

"Kwa sababu hawajafuga."

Akanifungulia mlango nitoke. Siku tatu hakugonga. Wakesho akanisihi, "Baba, nenda umwombe msamaha, ni picha tu." Nikakataa. Wewe unanijua. Mbuzi nimewafuga miaka hamsini, nimuombe msamaha mtu kwa ajili ya farasi?

Siku ya nne, Ijumaa, akaja amevaa koti, uso ameukaza. Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu, akasema, na tangu nilipotoka hajalala vizuri. Hiki ndicho kitabu chake cha kwanza baada ya miaka minane, na pengine ni cha mwisho. Kama amemkosea mbuzi wa bibi yake, heri kisitoke.

"Twende tukaone kwa macho. Ukiwa umekosea wewe, juu ya vitabu vyangu hutasema neno tena. Hata miayo utapiga kimya."

"Twende."

Hapa mjini kuna kishamba cha mifugo ambako watoto wa shule hupelekwa kuona ng'ombe. Tukapanda basi. Mbuzi walikuwa watano, wanne wamesimama, na mmoja jike jeupe, limenenepa, limelala linacheua. Tukasimama kwenye ua tukalingoja. Likatutazama kama karani wa ofisi ya ardhi anavyotutazama sisi wa foleni. Manyunyu yakaanza. Bi Galina akatoa chupa ya chai, akanimiminia kikombe. Msichana wa pale akauliza tunataka nini.

"Tunangoja asimame," nikamwambia.

"Nimletee majani asimame?"

"La! Asimame kwa hiari yake."

Sasa hapa nakuambia wewe peke yako, mke wangu, usimsomee mtu. Saa moja ilipita, ya pili ikaingia, nami nikaanza kujiuliza. Nikafumba macho nimtafute mbuzi wetu pale bandani asubuhi. Nikamwona amelala. Nikamwona amesimama. Katikati, sioni kitu! Miezi mitatu tu tangu nitoke nyumbani, na kitu nilichokiona kila siku ya maisha yangu kimenitoka. Niliogopa. Kuaibishwa na yule mama haikuwa kitu. Niliogopa kwamba kichwa changu kinavuja, na kinachovuja ni nyumbani.

Basi lile jike likavuta pumzi. Likapiga magoti ya mbele. Na matako hayooo, yakapanda juu!

"Nilisema nini!" nikapiga kelele. "Nilisema nini mimi!" Watoto wa shule wakageuka wote. Nilirukaruka, mama, na kiuno hiki.

Nikageuka nimwone Bi Galina akishindwa. Hakuwa akinitazama. Ameshika ua kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nateleza," akasema.

"Nini?"

"Asubuhi. Akiinua nyuma kwanza, mimi nilikuwa nateleza kuelekea shingoni. Naamka pua yangu iko kwenye pua yake. Na bibi yuko mlangoni, anacheka." Akasema tena, "Anacheka. Nilikumbuka njaa peke yake. Nilisahau kabisa kwamba mwaka ule bibi alicheka."

Akatoa daftari akaandika palepale, amelazia karatasi kwenye ubao wa ua, manyunyu yanalowesha. Jioni nilimsikia kupitia ukutani akigombana na wachapaji kwenye simu. Waliahirisha. Msanii akachora upya.

Sasa fungua kitabu, ukurasa wa mwisho. Maneno hutayasoma, hata mimi sijayasoma, lakini mwone mbuzi. Mwone mtoto alivyoangukia shingoni. Kisha tazama mlangoni, yule bibi mwenye kilemba, mdomo wazi, meno mawili hayapo. Kwenye picha za kwanza hakuwapo popote.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie bado namkumbuka kwa ugali wake mgumu. Nisalimie mchungaji wetu na yule fundi wa paa, na shemeji yangu anayesema sijui kitu, huyo muonyeshe kitabu mara mbili.

Na kesho asubuhi, kabla hujakamua, kaa kidogo bandani umwangalie mbuzi wetu akiinuka, halafu nipigie simu. Usiniambie kwamba nilikuwa sahihi, hilo nalijua. Nieleze tu ulivyomwona, polepole, mpaka asimame.

Mumeo asiyeshindwa,
Baba Wakesho