Hamim na posa kumi na moja

Latifah wee, uko wapi? Hamim wetu ametumaliza leo hapa ofisini Bwera!

Wameleta printa mpya. Akasema hangoji fundi, ataiunganisha mwenyewe. Kompyuta ikamletea orodha ya printa zote za kampuni, za Bwera na za Kasese. Akachagua ya kwanza bila kusoma. BILA KUSOMA!

Sasa cha kujaribia? Barua ya posa! Ile ya kumuomba Mayimuna, binti wa bosi wetu Hajji, ambayo mjomba wa Hamim angempelekea Hajji kule Kasese Jumapili, na kanzu ya safari imeshapigwa pasi.

Akaprinti. Kimya. Akaprinti tena. Kimya! Akaipiga printa kofi, akaprinti tena. Mara kumi na moja, Latifah. Kumi na moja!

Simu ikalia. Hajji, kutoka Kasese. Hamim akasimama wima kama askari mbele ya afande.

"Hamim, nimepokea posa kumi na moja. Mimi niko na binti mmoja tu."

"Samahani, Hajji…"

Mimi niko chini ya meza, nalia kwa kicheko.

"Mwambie mjomba wako Jumapili asilete karatasi tena. Alete mbuzi."