Marehemu Anatakiwa Kusaini

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimepewa kazi yangu mwenyewe! Shamba la Rodi Kopany, kandokando ya barabara. Madam Nyarangi amesema, hili ni lako Hibo, mimi nitakaa pembeni nione unavyozama. Hivyo ndivyo bosi wangu anavyotia watu moyo.

Mnunuzi ni Adeer Yassir, mdogo wa baba, mwenye duka la matairi hapa chini ya ofisi yetu Migori. Anataka tawi kule. Muuzaji ni Boaz, mwalimu mstaafu, mpole, anatabasamu kama mtu wa tangazo la dawa ya meno. Nikiimaliza salama, Madam atanipendekeza nifanye mtihani wa uwakala. Nikiharibu, nitauza matairi. Adeer ameshanionyesha kiti nitakachokalia. Mcheshi sana huyo.

Nimesoma sura ya kwanza ya kitabu cha sheria ya ardhi hadi jicho likakataa. Jambo lenyewe ni dogo: kabla hujauza kitu, hakikisha ni chako. Watu wazima wameandika kurasa arobaini kusema hivyo!

Jumatano, 3 Septemba

Upekuzi wa hati umerudi. Majina mawili — Boaz na ndugu yake Maxwell. Wanamiliki kwa pamoja. Nikampigia Boaz. Akasema, aah, Maxwell alizama ziwani miaka mitano iliyopita, kaburi liko hapo hapo shambani, njoo ulione.

Nikaenda. Shamba zuri, tambarare, ua wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe, umeshikana vizuri. Nyumba ya mabati upande wa mashariki, na mbele yake kaburi limesakafiwa saruji. Mwanamke alikuwa anaanika mahindi. Akaniuliza napima nini. Nikasema sipimi, naangalia tu.

"Wenye kuangalia tu ndio hurudi na trekta," akasema.

Huyo ni Truphena, mke wa Maxwell. Mjane, nikaandika pembeni. Nikampa pole kwa kaburi, kwa heshima zote. Akanitazama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nyar Somali, hapo chini hakuna mtu. Kuna yago."

Mungu wangu. Binti wa Kisomali ni mimi kweli, lakini nimezaliwa Migori, nazungumza Kijaluo na wauza samaki kila siku, na bado sikuwaza hilo. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, wanazika tunda la yago badala yake — lile refu, zito, kama gogo. Wanalilia kabisa. Wanachinja ng'ombe. Sasa mmiliki mwenza wa shamba ninalouza ni tunda.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimemweleza Madam. Hakucheka hata kidogo, na hiyo ndiyo hutisha.

Akanikalisha, akanifundisha. Ndugu wakimiliki ardhi kwa pamoja namna hii, mmoja akifa, sehemu yake haiendi kwa mke wala watoto. Inaenda moja kwa moja kwa aliyebaki. Yaani Maxwell akiwa amekufa, shamba lote ni la Boaz — na Truphena anaanika mahindi kwenye shamba la shemeji yake. Nikaelewa tabasamu la Boaz.

Lakini! Sheria haijui yago. Inataka cheti cha kifo, au mtu apotee miaka saba bila habari ndipo mahakama imhesabu amekufa. Maxwell ana mitano. Kwa hiyo wazee wa ukoo wanasema amekufa, serikali inasema yu hai, na mimi niko katikati na simu ya Adeer inayolia kila baada ya chai.

Madam akamaliza hivi: niletee hukumu ya mahakama au niletee Maxwell. Alikuwa anatania. Nadhani.

Jumamosi, 6 Septemba

Siamini. Nimekaa sakafuni.

Nilimpigia Kultum, rafiki yangu anayeuza vitenge kisiwani Remba. Maxwell alikuwa mvuvi wa huko, nikasema labda kuna anayejua alivyozama. Nikamtajia jina. Kultum akasema, Maxwell yupi, fundi wa injini? Jana tu amenitengenezea jenereta!

Jumanne, 9 Septemba

Remba. Nimetapika kutoka Mbita mpaka ufuoni. Kisiwa kimejaa mabati hadi majini, hakuna pa kuweka mguu ila utakanyaga omena wa mtu.

Marehemu alikuwa amekaa kwenye ndoo akifungua injini ya boti. Mtu mwembamba, sauti ya chini. Nikajitambulisha. Hakukana. Akaagiza chai, na alipoletewa akaomba kikombe cha pili kitupu, akawa anamimina kutoka hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, hadi ikaacha kutoa moshi. Ndipo akanywa. Akaniambia hawezi chai ya moto tangu utotoni.

Boti yao ilipinduka kweli. Wenzake wawili hawakupatikana. Yeye aliokotwa na wavuvi wa upande wa Tanzania, akalala mgonjwa miezi kadhaa. Kitambulisho, simu, vyote viko chini ya ziwa. Alipopata nguvu ya kurudi akasikia habari zake mwenyewe.

"Waliniambia nimeshazikwa. Ng'ombe alishaliwa! Sasa mtu arudi aseme nini? Aseme rudisheni nyama?"

Nikacheka. Yeye pia. Kisha akainamia injini, na mimi nikaona aibu. Akasema kwao aliyezikiwa yago haingii tena langoni mwa boma lake, ataleta msiba wa kweli. Nikamuuliza, na mkeo je? Akachukua spana.

Nilimweleza habari ya shamba. Akasema atasaini. Auze tu Boaz, mtu aliyekufa atalima nini. Sijawahi kupata saini kirahisi hivi! Nimerudi bila kutapika hata mara moja.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempa Boaz habari, amelia. Si machozi ya kuigiza — alikaa kwenye ngazi za ofisi akalia kama mtoto, akimtaja mdogo wake. Chuki yangu kwake ikapungua kidogo kuliko jana. Kisha akajipangusa akauliza, atasaini?

Adeer amefurahi, ameninunulia soda. Nimeingia kwa Madam kifua mbele. Nikasema, Maxwell yu hai, amekubali, shauri limekwisha.

Madam akauliza jambo moja tu. Ana mke?

Jamani. Jamani! Nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzi kukubali, iko sura ya sita, nimeipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Truphena akiwa mjane hana neno juu ya shamba lile. Lakini akiwa na mume aliye hai, anaweza kusema hapana na shamba halitoki. Na ni mimi niliyepanda boti, nikatapika njia nzima, kwenda kumfufua mume.

"Umemfufua mwanamume, umefufua na mkewe," akasema Madam. Na safari hii alicheka, kwa sauti, hadi Adeer chini akauliza kuna nini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikwenda kumwambia Truphena mwenyewe. Sikutaka asikie sokoni.

Alikuwa anafagia kaburi. Nikasema, mama, Maxwell yuko Remba, mzima, anatengeneza injini. Akaendelea kufagia. Akafagia sehemu ile ile mpaka saruji ikang'aa.

Kisha akatoa kitambaa kichwani. Nywele fupi. Akasema tangu siku ya mazishi hakuziacha zirefuke.

"Nilinyoa kwa ajili ya tunda, Hibo. Nikalala chini kwa ajili ya tunda."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nimesoma sura tisa na hakuna hata moja yenye la kusema hapo.

Nikamweleza sheria ilivyo, pande zote. Si kazi yangu kumwambia, mimi niko upande wa mauzo, Adeer angenila nyama. Nimemwambia hata hivyo. Alisikiliza vizuri. Akauliza, kwa hiyo nikitaka kubaki na nyumba yangu, ni lazima nimkubali? Nikasema ndiyo. Na nikimkataa? Nikasema basi atabaki aliyepotea, na miaka miwili ikiisha Boaz ataenda mahakamani, na shamba litakuwa la Boaz.

"Sheria yenu ina mzaha," akasema. Akanifungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti.

Jumatano, 17 Septemba

Bodi ya ardhi kesho, Homa Bay mjini. Ardhi ya kilimo haibadilishi mmiliki bila wao. Truphena naye ameitwa. Maxwell amevuka leo, analala alikofikia Kultum, ambaye amekuja mjini kuchukua mzigo. Ameuliza mara mbili kama kikao ni ofisini au ni nyumbani. Ofisini, nimemwambia. Hakuna lango la kuvuka.

Adeer amevaa kanzu ya Idi tayari. Kikao ni kesho! Anailalia nadhani.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika nimekaa juu ya ukuta mfupi nje ya ofisi ya bodi, tumepewa mapumziko. 

Tuliitwa. Mwenyekiti mkali, miwani puani. Akasoma jina la Boaz, akaitika. Akasoma Maxwell. Maxwell akasimama, na watu wa Rodi waliokuwa nyuma wakahama benchi nzima. Mama mmoja alitoka nje kabisa. Mwenyekiti akaomba kitambulisho. Hana — ana karatasi ya kuonyesha kwamba ameomba kingine. Akasema karatasi si sura ya mtu, nani anamfahamu huyu?

Boaz akaruka. Ni ndugu yangu wa tumbo moja! Mwenyekiti akasema, wewe ndiye unayeuza, kaa chini. Mwingine?

Wote tukamgeukia Truphena. Alikuwa amekaa mbele peke yake, kitambaa kipya cha buluu kichwani. Tangu asubuhi hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja. Maxwell alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, unamtambua huyu?"

Sijawahi kumwombea mtu kama nilivyoomba pale, na sikujua naomba nini. Akisema namtambua, nyumba yake imepona, mauzo yangu yamekufa, na mtu aliyemwacha alie juu ya tunda miaka mitano amerudi kuwa mume wake mbele ya serikali. Akisema simjui, ameachana na aibu hiyo, na nyumba itaondoka polepole. Kile kiti cha matairi nilikiona kabisa mbele yangu. Nikasema moyoni, haidhuru.

Truphena akageuka. Akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Maxwell akainua uso. Akafungua mdomo. Truphena akanyoosha kidole — nyamaza.

Kisha akamwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, niliitwa hapa bila chai. Nipe nafasi ninywe chai, nitakujibu."

Bodi nzima ikacheka. Mwenyekiti akatoa nusu saa.

Sasa Boaz anazunguka uwanja akiongea na simu. Adeer ananiuliza atajibu nini, nimemwambia sura hiyo haipo kitabuni. Maxwell amekaa chini ya bendera peke yake, hakuna anayemsogelea.

Truphena yuko kwenye kibanda cha chai hapo getini. Namwona vizuri kutoka hapa. Ameagiza chai moja. Akaomba vikombe viwili.

Karani anatuita. Truphena hajasikia, au anajifanya. Amesimama mgongo kwetu, anamimina kutoka hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, na yeye mwenyewe hajanywa.