Sinema Iliyonuka Vitunguu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, ile niliyokunyima siku ya harusi ya mwanao nilipojifanya sikukuona kwa sababu ulivaa kofia kama sufuria. Natumaini magoti bado yanakubeba na meno mawili yaliyobaki yanaelewana. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kuanzia shingoni kwenda juu ndiko kuna maneno, ndiyo maana nimekaa kwenye stuli yangu ya kushonea viatu nikuandikie, mimi niliyeacha shule kabla shule haijanizoea. Ningepiga simu, lakini simu yako huwa unaiweka sauti kubwa nyumba nzima ikasikia. Barua hii isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Mwandiko ukikushinda jikaze, usimpe mjukuu akusomee.

Dada, naogopa. Usicheke. Najua nimekutania miaka yote mpaka nikisema nimeona nyoka utaniuliza alikuwa na miguu mingapi, lakini leo sitanii.

Mambo yalianza hivi. Mvua hizi, mkwe wangu alikuja na binti yangu kunisalimia, akavua koti lake lililolowa akalitundika kwenye msumari wa jikoni. Koti likawa linachuruzika, to, to, to. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Mara nikajikuta chini ya meza. Mzee mzima na mvi zangu, nimekumbatia mguu wa meza kama mtoto aliyefanya makosa. Binti yangu alidhani nimeanguka. Nikamwambia hapana, nimekumbuka sinema moja ya zamani inayotisha. Akauliza inaitwaje. Nikasema ngoja, jina linakuja. Mpaka leo lipo njiani.

Sinema yenyewe nina kipande kimoja tu. Ni mchana, mvua inanyesha. Jiko dogo. Mwanamke mwenye gauni la maua ya kijani anapiga pasi ya mkaa. Mwanamume anaingia na koti limelowa, analitundika. Anafungua mkanda wa suruali, anaukunja, kisha anaulizia chakula kwa upole. Ule upole wake unanitisha kuliko mkanda. Halafu anageuka kuangalia kitu, na mwanamke ananyanyua ile pasi. Basi. Mtu chini, makaa yanaviringika, kiatu kimoja kinamtoka na kuteleza mpaka karibu na uso wangu. Kisha giza.

Binti yangu hakucheka, na wewe unajua kwa nini. Mama naye alianza hivyohivyo. Siku zake za mwisho alikuwa akilia tumwambie huyo mtu avue koti, atalowesha sakafu, na chumbani hamna mtu. Binti akaniambia kwa adabu kwamba kama sinema hiyo ipo itapatikana, maana siku hizi hakuna picha inayopotea. Kama haipo, Jumatatu ananipeleka kwa daktari wa vichwa, kibanda changu cha viatu kinafungwa, nami nahamia chumba chake cha nyuma niwe naangaliwa kama maziwa yaliyo motoni. Umenielewa, dada? Nikikosa jina la sinema, nimekwisha.

Nikaanza msako. Kwanza kwa kinyozi, maana pale ndipo wanapokaa wajuzi wa sinema wote wasio na nywele. Kinyozi alisema anaijua hata kabla sijamaliza, kwamba mwishoni yule mwanamke anapanda helikopta. Nikamwambia jikoni helikopta haiingii. Akataka kujua stelingi ni nani na adui ni nani, kwa sababu sinema isiyo na stelingi si sinema, ni ugomvi wa majirani. Mteja mmoja, povu limejaa kidevuni, akasema stelingi ni pasi. Walicheka mpaka wembe ukasimama. Nami nikacheka nao.

Binti akaiweka habari yangu kwenye kundi la wapenda sinema katika simu. Majibu yakamiminika. Mmoja akasema haikuwa pasi bali shoka. Mwingine akaapa kwamba lile jiko lilikuwa ndani ya treni. Mwanamke mmoja akauliza kama mzee huyu ana mke. Hapo nilitaka kujibu mwenyewe, binti akaninyang'anya simu. Ila kila lilipokuja jibu la hapana, aliniangalia kwa muda mrefu zaidi. Nikawa siwezi tena kukaa jikoni. Chai naichukua nainywea mlangoni, mgongo ukutani.

Mwisho nikaenda kwa fundi redio, rafiki yangu yule mrefu tunayemwita Antena. Huyu hana papara. Alizima redio zote, akaniambia nifumbe macho nimsimulie polepole. Nikasimulia. Akauliza mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Nikamwambia hakusimama, alikuwa chini ya meza, maana magoti ya watu nayaona vizuri kuliko nyuso zao. Akauliza lile giza la mwisho lilikuwaje. Nikamwambia giza la kawaida tu, lenye harufu ya vitunguu.

Nilipofumbua macho, Antena alikuwa amekunja mikono. Akaniambia taratibu kwamba ametengeneza televisheni tangu zilipokuwa na kisogo, na hajawahi kukutana na hata moja inayotoa harufu.

Nikamwita mpumbavu, nikatoka bila kuaga. Nilirudi kibandani nikashika kiatu cha mteja ili nipoze moyo, na hapo ndipo mikono yangu mwenyewe iliponisaliti. Kile kiatu cha kwenye sinema, nikikigeuza akilini, kina soli ya tairi la gari, imeshonwa kwa uzi mweusi, mishono miwili miwili. Sasa niambie, mwigizaji gani huyo anayekwenda kupigwa picha amevaa soli ya tairi? Na mishono miwili miwili ndivyo ninavyoshona mimi. Hakuna aliyenifundisha. Niliiga kwenye kile kiatu kimoja kilichokuwa ndani ya sanduku la vifaa, lile alilotuachia Baba aliposafiri. Nilikuwa nikimuuliza Mama cha pili kiko wapi, ananijibu kwamba Baba aliondoka kwa haraka. Nikaridhika. Nimeshona viatu vya watu maisha yangu yote, dada, na sikuwahi kujiuliza ni mtu gani anayesafiri na kiatu kimoja.

Na lile neno. Unakumbuka Mama alivyouita kila ugomvi wa mtaani? Watu wakitupiana masufuria, sinema. Mlevi akifungiwa nje na mkewe, sinema ya bure, njooni muone. Siku ile alinitoa chini ya meza, akanishika mashavu kwa nguvu, akaniambia nimeona sinema na sinema imekwisha. Akalitia jiko kufuli. Akatuvika nguo nzuri akatupeleka sinema kwelikweli, mara ya kwanza na ya mwisho, tukaona picha ya mtu mnene anayegombana na punda wake. Nilicheka mpaka nikajikojolea. Wewe hukucheka. Mama alikuwa anaangalia mlango. Basi kichwa cha mtoto kikachukua vipande viwili kikavibandika pamoja, na mpaka leo sijapata gundi inayoshika kama ile.

Kufuli lilipotoka, jiko letu lilikuwa na sakafu ya saruji. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilikwenda kutamba nayo shuleni. Na mikono yako ilikuwa imepasukapasuka juma lile, ukaniambia ni sabuni.

Kwa hiyo niseme waziwazi, maana nimezunguka vya kutosha. Sinema hiyo haipo. Aliyeingia na koti ni Baba. Mwenye gauni la maua ni Mama. Mkono ulioniletea giza ni wako, ulikuwa ukikata vitunguu, ukanifumba macho. Na ninajua sasa Baba alikuwa amegeuka kuangalia nini, na mkanda mkononi. Alikuwa anainama kuangalia chini ya meza.

Simlaumu Mama. Ningekuwa na umri, ningempa mkaa zaidi. Wewe nakulaumu kidogo tu, kwa kukaa na jambo hili peke yako miaka yote hiyo huku ukiniacha nikutanie.

Lakini tazama nilipofika. Nilianza kwa kuogopa kwamba nina kichaa, na sasa naogopa kwamba sina. Jumatatu nikimweleza binti na daktari wake ninachokijua, kichwa changu kitaonekana kizima na kibanda changu kitabaki wazi. Ila watu watakuja kwako na sururu, wewe unayepika juu ya sakafu ile mpaka leo, na watakuuliza maswali ambayo Mama hayupo kuyajibu. Nikinyamaza, nafungiwa. Nimelipima kwa kila upande, kama kiatu kisicho na mguu wake, na nimeamua kwamba kichaa ni mimi. Sitasema kitu.

Ninaloomba ni moja. Nitumie jina la sinema. Lolote. Zua, wewe ulikuwa ukimdanganya hata mwalimu mkuu. Liandike kwenye karatasi tupu, useme tuliiona pamoja tulipokuwa wadogo na ilikutisha wewe pia. Usiongeze neno jingine, maana binti ndiye atakayefungua bahasha. Huenda akaniamini, huenda asiamini, lakini nitakuwa na kitu cha kushika nikiingia kwa daktari. Na kama nimekosea yote haya, kama Baba alisafiri kweli na ni ubongo wangu tu unaooza kama wa Mama, basi niandikie hivyo, tafadhali, niandikie haraka. Nitakifunga kibanda kwa mkono wangu mwenyewe, nikiimba.

Barua hii itie motoni. Nisalimie watoto, wajukuu, na yule jirani asiyerudisha vyombo. Mwambie namkumbuka kwa ubaya. Sisi huku tunaendelea, mvua bado inanyesha, na lile koti mkwe wangu amelisahau palepale msumarini. Hakuna aliyethubutu kuniomba nilitoe.

Ni mimi mdogo wako, niliye chini ya mkono wako hata sasa,

Kisigino