Chenji ya Mzee Brahim

Hallonbergen, Stockholm

Dada yangu Spesioza,

Shikamoo dada mkubwa. Goti linasemaje siku hizi? Na watoto, wanakula? Mimi mdogo wako ni mzima kama chuma. Juzi baridi iligandisha chafya ya jirani hewani, lakini mimi nilitoka na fulana. Na saluni yangu sasa inajulikana mpaka kwa mfalme, ila tuyaache hayo.

Nikuhadithie ya mzee Brahim. Ni mteja wangu, mtu wa Sahara Magharibi, amekulia kambi ya wakimbizi, kwenye mahema, kama sisi. Nchi yao wapo wanaoitambua na wapo wanaojifanya hawaioni. Pesa yao wanayo, peseta, ina picha ya ngamia, lakini wanaoinunua ni wakusanyaji wa sarafu tu. Kambi yao iko Aljeria, na sokoni wanatumia dinari za huko.

Basi Jumamosi nimemaliza kumnyoa, akaweka peseta moja mezani, ananitazama.

Nikapaza sauti: “Mzee, hii naitundika ukutani iwe ukumbusho!” Nikidhani namheshimu. Uso ukamsawijika.

“Ukumbusho? Kwani nimekufa? Nimekulipa. Nimezeeka sijanunua hata njugu kwa pesa ya kwetu.”

Mwangi, Mkenya mmoja dereva wa basi, alikuwa anangoja zamu yake, akacheka. “Mzee, huku hata sarafu za Waswidi wenyewe hazitakiwi, ni simu tu. Sembuse ngamia?”

“Mwangi, funga mdomo,” nikamwambia. “Humu ndani bei ya pesa napanga mimi. Benki kuu ni hiki kiti!”

Nikaigonga ile peseta mezani, nikaitegea sikio kama profesa, nikatangaza: kichwa kimelipwa, ndevu zimelipwa, na mzee anadai chenji. Lakini chenji nitoe wapi, mji huu nani anashika pesa mkononi? Nimepekua kabati zima, mwisho nikapata sarafu moja ya Waswidi, ya kroni kumi, kwenye koti. Nikampa.

Akaisogeza dirishani, akaigeuza huku na huku.

“Huyu nani?”

“Mfalme wa hapa, mzee.”

“Mh. Kwetu hatujaamua kama tunamtambua.”

Dada, Mwangi alicheka mpaka akateleza kitini. Mzee akaitia mfukoni, akatoka kifua mbele kama mtu aliyenunua ng'ombe.

Ukutani sijatundika kitu. Peseta iko kwenye droo ya pesa.

Nisalimie shemeji, mumeo mpole, na mama mkwe wako, na fundi cherehani binamu yetu, mwambie suti nataka ya mtu mnene.

Mdogo wako akupendaye,
Kinyozi Mkuu wa Skandinavia yote,
Deo